Homoni na Kinga ya Mwili: Maswali na Majibu Kuhusu Namna Mchochota Unavyodhibitiwa

Mchochota ni nini, na kwa nini ni lazima udhibitiwe?

Mtu akichomwa na mwiba, baada ya saa chache sehemu ile huwa nyekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Hali hiyo ndiyo mchochota. Mishipa midogo ya damu hutanuka, na kuta zake hulegea ili chembechembe nyeupe za damu zipenye hadi penye jeraha, ziue vijidudu na kuondoa tishu zilizokufa. Bila mchochota, hata kidonda kidogo kingeweza kuua. Hata hivyo, kemikali zilezile zinazoua bakteria huharibu pia seli za mwili wenyewe, na kwa sababu hiyo mwili una njia kadhaa za kuutuliza, mojawapo ya zile kuu ikiwa ni homoni.

Ni homoni ipi hasa inayofanya kazi hiyo?

Zipo kadhaa, lakini inayotangulia zote ni kotisoli, ambayo hutengenezwa na tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Wengi wameizoea kotisoli kama homoni ya msongo wa mawazo, na kwa maoni yangu sifa hiyo haiitendei haki, kwa kuwa bila kotisoli maambukizi ya kawaida yanaweza kumwua mtu.

Chembechembe za kinga zinapopambana na vijidudu hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokaini. Saitokaini hizo zikiufikia ubongo huleta homa, uchovu na kukosa hamu ya kula, na wakati huohuo huufanya ubongo uiagize tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo huziagiza tezi za adrenali zimwage kotisoli kwenye damu. Kotisoli huingia ndani ya seli na kushikana na kipokezi chake, kisha vyote viwili huelekea kwenye kiini cha seli, ambako hupunguza utendaji wa jeni zinazochochea mchochota na kuzipa nguvu zile zinazoutuliza. Mchochota wenyewe, basi, ndio unaoita breki yake.

Kwa nini wagonjwa wa baridi yabisi (mchochota wa muda mrefu wa viungo) huamka na viungo vilivyokakamaa?

Kotisoli hufuata mzunguko wa saa 24: hushuka hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane, kisha hupanda kuelekea asubuhi. Katika saa hizo za usiku ambapo kotisoli ni chache, saitokaini hupata nafasi ya kuongezeka, na hiyo ni sehemu ya sababu ya vidole kukataa kukunjika mapema asubuhi.

Dawa za steroidi zina uhusiano gani na kotisoli?

Dawa kama prednisoloni na deksamethasoni zimetengenezwa kwa mfano wa homoni hii, ila nguvu yake huwa kubwa zaidi. Mwaka 1948, daktari Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimdunga kotisoni, homoni ya adrenali ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli, mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi, na katika siku chache akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wao wa homoni za tezi za adrenali.

Funzo lenye uzito zaidi lilikuja mwaka 2020, katika utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kuhusu UVIKO-19. Deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliopewa oksijeni bila mashine hiyo, lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Mwanzoni mwa ugonjwa mwili unahitaji kinga yake yote ili kupambana na kirusi, ilhali baadaye mchochota uliopita kiasi ndio unaoharibu mapafu. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba steroidi zisimezwe kwa kubahatisha: zinapunguza kinga, zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na zikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Je, homoni za uzazi nazo zinahusika?

Zinahusika. Kwa ujumla, testosteroni hupunguza makali ya kinga, ilhali estrojeni mara nyingi huchangamsha seli zinazotengeneza kingamwili. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, ni wanawake, ingawa jeni nazo zina mchango mkubwa katika tofauti hiyo. Wakati wa ujauzito homoni hubadilika sana, na wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu, kisha maumivu huwarudia baada ya kujifungua.

Msongo wa mawazo wa muda mrefu huathirije?

Kotisoli inapokuwa juu kwa muda mrefu, seli za kinga zinaweza kupunguza usikivu wake kwa homoni hiyo. Homoni ipo, lakini haisikilizwi ipasavyo, na mchochota huendelea polepole bila kutulizwa.

Mgonjwa anayetumia steroidi kila siku anaweza kuacha akijisikia nafuu?

Asiache ghafla. Kwa mtu aliyezitumia kwa wiki kadhaa, ubongo huwa umeacha kuziagiza tezi za adrenali, na tezi hizo huhitaji muda, pengine miezi, ili zirejee kazini. Daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua. Mgonjwa kama huyo akipata maambukizi au akitakiwa kufanyiwa upasuaji, awaambie wahudumu mapema kwamba anatumia steroidi, kwa kuwa huenda akahitaji dozi kubwa zaidi kwa muda. Akianza kutapika hata vidonge havikai tumboni, akilegea sana, akihisi kizunguzungu anaposimama au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu upungufu wa ghafla wa kotisoli huua, na sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa, ikitolewa mapema huokoa maisha.