Loji ya kuangalia ndege: tunayoambiana Arusha na Moshi, na yalivyo

Ukitaja loji ya kuangalia ndege mbele ya watu wa Arusha au Moshi, kinachotangulia ni kicheko. "Yaani ulipe hela ukaangalie ndege? Si hawa hapa juu ya mwembe?" Anayecheka hivyo yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani. Wanaopotea zaidi ni wale walioamua kwenda, wakabeba vichwani maneno waliyoyaokota huku na kule, mwisho wakalipia kitu ambacho hawakukihitaji.

"Ni mambo ya wazungu, bei zao ni za dola."

Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi ni ya mgeni wa nje. Loji zilizoko kati ya Usa River na Momella, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, nyingine zina bei ya mkazi ambayo haitangazwi. Uliza, tena uliza kabla hujaletewa ankara, kwa sababu ikishaandikwa kubishana nayo ni kazi. Kiingilio cha hifadhi nacho ni vilevile: raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, mgeni kwa dola, na pengo kati ya hao wawili ni kubwa.

Kinachowaumiza watu ni kutojua kwamba kibali cha kuingia kina muda wake. Ukilala ndani ya mipaka ya hifadhi, kila siku inahesabiwa. Ukilala nje ya lango, unalipia ile siku uliyoingia tu. Basi mtu akiambiwa hivyo hujibu kwamba nje ya lango hakuna ndege. Ndege hasomi kibao cha TANAPA. Anafuata maji, matunda, wadudu na miti ya kutagia, na vyote hivyo viko kwenye mashamba ya zamani ya kahawa, kwenye migomba na kando ya vijito vinavyoshuka kutoka Meru. Tena mahali msitu unapokutana na shamba hupata ndege wa pande zote mbili, hivyo bustani ya loji ya kawaida inaweza kumshinda mtu aliyezunguka na gari kutwa nzima vioo vikiwa juu.

Tafuta loji yenye mkuyu mkubwa. Mkuyu ukiwa na matunda, hondohondo watakuja, na utawasikia kabla hujawaona, maana mbawa zao zinavuma kama mtu anayekung'uta mkeka. Ni ndege wakubwa, weusi kwa weupe, dume akiwa na pembe kubwa ya rangi ya majani makavu juu ya mdomo. Ukibahatika kukuta kiota, usiondoke upesi. Jike huingia kwenye tundu la mti, kisha mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu, naye hukaa humo zaidi ya miezi mitatu akiatamia na kulea. Dume ndiye anayemlisha. Anatua akiwa amejaza koo, anatikisa kichwa, tunda moja linapanda mpaka kwenye ncha ya mdomo, analipitisha kwenye ufa. Halafu la pili, la tatu, la kumi. Mbegu zinazodondoka chini ndizo msitu wa kesho. Sijui ni simba gani angekupa onyesho hilo ukiwa umekaa na kikombe cha chai.

Mkuyu huohuo utakuletea shorobo, yule wa kijani anayeruka na kufunua wekundu mkali mbawani. Kuna wanaosema wekundu huo huoshwa na mvua. Hauoshwi. Ni rangi yenye madini ya shaba ndani yake, na hakuna ndege wengine wenye rangi hiyo ila jamii yake.

Kwa mtu wa Moshi, hata loji si lazima kwa kuanzia. Msitu wa Rau uko pembeni mwa mji, una mivule mirefu, mbega na ndege wa msituni, nawe unarudi nyumbani kulala. Arusha wana Ziwa Duluti pale Tengeru, lenye njia ya miguu msituni na mdiria kando ya maji. Ukishinda huko ukaona umechoka na ndege, basi hela ya loji utakuwa umeiokoa.

"Momella ni ya flamingo, utawakuta tu."

Utawakuta wakiwapo. Maziwa ya Momella yana magadi, kila moja kwa kiwango chake, na flamingo huhama kufuata vijimea vidogo vya majini wanavyokula, ambavyo ndivyo vinavyowapa ule waridi. Maji yakibadilika, chakula kinapungua, nao wanaondoka. Kutaga hawatagi hapo. Wale flamingo wadogo wa ukanda huu hutegemea Ziwa Natron. Loji inayokuahidi flamingo kwa tarehe fulani inakuuzia kisichokuwa chake.

"Mvua zikianza hakuna cha kuona."

Hili limetoka kwa watu wa simba. Kiangazi majani ni mafupi na wanyama hukusanyika kwenye maji, hivyo kwao Juni hadi Oktoba ni sawa. Kwa ndege hesabu ni nyingine. Karibu na Novemba, vuli ikiingia, wanafika wageni kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu na korongo weupe miongoni mwao, nao hukaa hadi Machi au Aprili. Watu husema wamekimbia baridi. Kikubwa ni njaa: baridi ya kwao inaondoa wadudu, huku kwetu mvua inawaleta.

Wenyeji nao hubadilika. Kwera dume anavaa manjano, anachana ukanda wa jani bichi, anausuka akining'inia kichwa chini. Jike anakuja kukagua, anaingia, anavutavuta nyuzi. Asiporidhika anaondoka, na kiota kikinyauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza kingine palepale. Masika hasa, Machi hadi Mei, baadhi ya loji hushusha bei na nyingine hufunga kabisa, na barabara za udongo zinadai gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne. Ningeambiwa nichague, ningechagua Novemba.

"Mwongoza watalii yeyote anajua ndege."

Anajua mbuni, kongoti na tai. Ukimwonyesha kindege cha kahawia juu ya jiwe atakwambia, "Huyo ni ndege mdogo," na gari linaondoka. Mfano mzuri uko kwenye barabara ya Namanga. Kwenye mbuga za majani mafupi upande wa Oldonyo Sambu anaishi kipozamataza wa Beesley, mdogo, wa kahawia, anayetembea chini, ambaye dunia nzima hapatikani ila eneo hilo la kaskazini mwa Arusha. Watu wanapanda ndege toka Uingereza kuja kumtazama, sisi tunampita tukiwahi mpakani. Kumpata unamhitaji mchungaji wa Kimaasai wa palepale anayejua alipomwona jana. Unapopiga simu loji, usiulize kama wana mwongozaji. Uliza ndege gani wameonekana wiki hii. Kimya kirefu ni jibu.

"Darubini ikikuza zaidi ndiyo bora."

Iliyoandikwa 8x42 inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Ya mara 10 na zaidi hukuza pia mtetemo wa mkono, na eneo unaloliona linakuwa finyu, hivyo ndege anahama kabla hujamkamata. Msituni 8 inatosha kabisa.

Nguo za mabaka, ambazo mitandao ya nje inazisifia kwa kujificha, ziache huko huko. Hapa mavazi yanayofanana na ya jeshi ni marufuku kwa raia, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba watu wayasalimishe. Shati la kahawia linatosha.

"Mpigie ndege sauti yake kwenye simu, atakuja."

Atakuja kweli, kwa sababu anadhani kavamiwa. Anaacha kiota, anaacha kula, anatafuta adui asiyekuwapo. Mgeni mmoja akifanya hivyo si neno; loji inayofanya hivyo kila asubuhi kwa dume yuleyule inamchosha, hasa msimu wa kutaga.

"Bundi akilia juu ya paa, omba uhamishwe chumba."

Hili hakuna anayelicheka, maana wengi tumelelewa nalo, na wapo wafanyakazi wa loji ambao usiku hawapiti chini ya mti wa bundi. Bundi yuko darini kwa sababu panya wako stoo. Chini ya mahali anapotulia utakuta vijitonge vya kijivu. Si kinyesi, ni manyoya na mifupa aliyoitapika baada ya kummeza panya mzima. Lowesha kimoja kwenye maji, kitengue kwa kijiti, na utatoa fuvu la panya lenye meno yake ya mbele ya njano. Swali la kuuliza mapokezi ni kama wanatega sumu ya panya, kwa kuwa panya aliyekula sumu humuua na bundi anayemla.

"Kifungua kinywa kwanza, ndege baadaye."

Kifungua kinywa cha loji huanza kama saa moja au mbili, na ndege hushughulika zaidi toka kunapopambazuka mpaka kama saa nne, jua linapochoma. Wakirudi tena ni saa kumi jioni. Mwombe mpishi akuwekee chupa ya chai na maandazi mlangoni, na umwombe usiku kabla hajafunga jiko, maana saa kumi na moja alfajiri hutamkuta.