Kuacha Sigara: Maswali ya Watu Waliokwisha Kuamua

Mvutaji hahitaji kuambiwa kwamba sigara inaua, anajua. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kukaa naye na kumwambia afanye nini kesho asubuhi, hamu itakapomkaba. Majibu haya ni kwa ajili yake.

Nimeshaacha mara nne na mara zote nimerudi. Je, sina msimamo?

Msimamo unao, la sivyo usingejaribu mara nne. Kinachokurudisha kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukivuta pafu moja tu, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 na kuufanya uachilie dopamini, kemikali inayoleta hisia ya kuridhika. Kadiri unavyoendelea kuvuta, ubongo unaongeza vipokezi vya nikotini, navyo vikikosa vilichozoeshwa vinadai. Na nikotini haikai sana mwilini: kila baada ya saa 2 hivi, kiasi kilichomo kwenye damu kinapungua kwa nusu. Ndiyo maana asubuhi mkono unatafuta pakiti kabla hata hujanawa uso. Ile sigara unayosema inakutuliza, mara nyingi inatuliza arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Kati ya watu 100 wanaoacha kwa kujikaza tu, bila dawa wala ushauri, wanaofika miezi 6 au mwaka bila kuvuta ni 3 hadi 5. Naitaja hesabu hii ili uache kujilaumu. Ulikuwa unapigana na uraibu mikono mitupu.

Nipunguze kidogo kidogo au nikate mara moja?

Kata mara moja, katika siku uliyoipanga. Utafiti mmoja wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2016, uligawa wavutaji karibu 700 katika makundi mawili, na wote wakapewa ushauri pamoja na nikotini ya tiba, yaani dawa yenye nikotini kama plasta au chingamu. Baada ya wiki 4, katika kundi la waliokata mara moja, 49 kati ya kila 100 walikuwa hawavuti. Katika kundi lililopunguza kwanza kwa wiki 2, walikuwa 39.

Anayepunguza hujikuta akivuta kila pafu kwa nguvu zaidi na kulishikilia kifuani, na hivyo kufidia alichopunguza. Tena sigara moja kwa siku si ndogo kama inavyoonekana: hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mtu wa sigara 1 kwa siku inakaribia nusu ya ile ya mtu wa sigara 20. Lakini kama kukata ghafla kunakutisha kiasi kwamba hutaanza kabisa, basi punguza, mradi siku ya mwisho iwe imeandikwa mahali unapoiona.

Kabla ya siku hiyo nifanye nini?

Chagua siku isiyozidi wiki 2 kutoka leo. Kisha, kwa siku 3, kila ukiwasha sigara andika: ni saa ngapi, uko wapi, uko na nani, unajisikiaje. Utaona kwamba sigara zako zimefungwa kwenye mambo fulani: kikombe cha kahawa, simu, kumaliza kula, ugomvi, mapumziko ya kazini. Kila fundo linataka kufunguliwa kwa namna yake. Kama sigara ya kwanza huambatana na kahawa, oga kwanza, halafu kahawa uinywee mahali pengine, si kwenye kiti kile kile. Ukimaliza kula, inuka upige mswaki. Mwenzako mnayevuta naye kazini mwambie mapema: "Kuanzia Jumatatu usinipe, hata nikiomba."

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tupa zote, pamoja na viberiti na ile moja uliyoificha ya dharura. Hiyo ya dharura ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inangoja siku yako mbaya.

Arosto itanikaa kwa muda gani?

Inaanza saa chache tu baada ya sigara ya mwisho na kufika kileleni siku ya 2 au ya 3, halafu inashuka. Kwa watu wengi, ndani ya wiki 2 hadi 4 makali yake yameisha. Katika muda huo utakuwa mwepesi wa hasira, usingizi utakatika, akili haitatulia, utasikia njaa, na huenda ukafunga choo. Wengine hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wakivuta na kudhani wamezidi kuugua, kumbe vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa vimeanza kazi tena. Kikohozi kikizidi wiki kadhaa, au ukiona damu kwenye makohozi, nenda kwa daktari.

Hamu yenyewe huja kama wimbi. Inapanda, inakaa dakika chache, inashuka, uvute usivute. Kazi yako ni kuzipita dakika hizo: kunywa maji taratibu, tembea, mpigie mtu simu, shughulisha mikono. Usijiapize kwamba hutavuta maisha yako yote. Hamu ikiwa juu, kiapo hicho ni kizito mno. Jiambie hutavuta kwa dakika 10 zijazo.

Jambo moja ambalo wachache huambiwa ni hili: moshi wa sigara huharakisha ini kuondoa kafeini mwilini. Ukiacha, vikombe vile vile vya kahawa vinakuachia kafeini nyingi zaidi kwenye damu, na matokeo yake ni mapigo ya moyo kwenda mbio, wasiwasi na kukosa usingizi. Watu wanaitupia arosto lawama zote. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza.

Dawa za kusaidia zipo? Na si ni kubadilisha uraibu kwa uraibu?

Zipo, na ningependa kila mvutaji ajue hivyo. Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Dawa zilizopendekezwa ni nikotini ya tiba, vareniklini, bupropioni na sitisini.

Nikotini ya tiba huja kama plasta ya kubandika kwenye ngozi, chingamu, vidonge vya kumung'unya na kadhalika. Ndiyo, nikotini ndiyo inayokufunga. Lakini saratani inatokana na moshi, wenye kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Plasta haina moshi, na nikotini yake inaingia polepole, bila ule mshtuko wa sekunde chache unaoufundisha ubongo kudai. Anayevuta sigara zaidi ya 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21, kisha hushuka hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Plasta pamoja na chingamu au kidonge hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake: plasta inashikilia siku nzima, chingamu inakabili wimbi likija.

Chingamu hii watu wengi wanaitumia vibaya, halafu wanasema haifai. Usiitafune mfululizo. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali mdomoni, kisha ibane kati ya shavu na ufizi, kwa kuwa nikotini inapenya pale. Ukali ukipotea, tafuna tena kidogo. Endelea hivyo kwa nusu saa. Ukimeza mate yenye nikotini nyingi utapata kwikwi na kichefuchefu. Kahawa, soda au juisi usinywe ndani ya dakika 15 kabla ya kutafuna, kwa sababu asidi yake inazuia nikotini kupenya. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu kuamka huhitaji ile ya miligramu 4. Wengine hutosheka na ya 2.

Vareniklini ni vidonge vinavyokaa kwenye vipokezi vile vile vya nikotini: vinapoza hamu, na ukivuta huipati ile raha. Kwa kawaida huanzwa wiki 1 kabla ya siku ya kuacha na kuendelea kwa wiki 12. Palikuwa na hofu kwamba inavuruga akili, lakini utafiti wa watu zaidi ya 8,000 uliotolewa mwaka 2016 haukuona ongezeko la maana la matatizo hayo ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Bupropioni haimfai mtu mwenye kifafa. Sitisini hutokana na mmea na imetumika Ulaya Mashariki tangu miaka ya 1960. Dawa hizi tatu si za kujinunulia kwa kubahatisha. Zungumza na daktari, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha.

Ninatumia dawa za ugonjwa mwingine. Kuna shida?

Mwambie daktari wako kabla ya kuacha. Ini likipunguza kasi baada ya moshi kuisha, baadhi ya dawa hupanda kwenye damu: klozapini na olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) na theofilini (dawa ya pumu) ni mifano. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari mara nyingi zaidi, kwani dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.

Nitanenepa?

Huenda, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Uzito huo hauondoi faida ya kuacha. Usianze kujinyima chakula katika wiki zile zile za arosto. Vita moja kwa wakati.

Nikihamia shisha je?

Hapana. Maji hayachuji sumu. Kikao cha saa 1 cha shisha kinakuingizia moshi ulio mwingi mara kadhaa kuliko wa sigara moja.

Nilikaa wiki 3, jana nikavuta moja. Nimeharibu?

Kuteleza si kuanguka. Sigara moja haifuti wiki 3. Hatari iko kwenye sauti inayofuata: "Basi, nimeshavunja, ngoja nimalize pakiti." Kwa hiyo tupa iliyobaki sasa hivi, usingoje kesho. Kisha rudi kwenye lile daftari lako: ulikuwa na nani, saa ngapi, umekunywa pombe? Ukigundua kwamba kila ulipoteleza palikuwa na pombe, umeshajua pa kuziba: kaa mbali na pombe kwa mwezi mmoja au miwili. Usivue plasta kwa sababu ya kosa hilo. Endelea na dawa.

Nina miaka 60 na nimevuta tangu ujana. Bado kuna faida?

Ipo. Kuanzia mwaka 1951 mtafiti Richard Doll na wenzake walifuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Walioacha wakiwa na miaka 60 walipata takriban miaka 3 ya ziada ya kuishi kuliko walioendelea kuvuta; walioacha na 50 walipata 6, na 40 walipata 9, na 30 walipata 10. Mwili unaanza mapema mno: ndani ya siku 1 hadi chache gesi ya kaboni monoksaidi kwenye damu inarudi kiwango cha kawaida, na baada ya mwaka hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imeshuka kwa karibu nusu.

Mume wangu anaacha. Nimsaidieje?

Mvumilie hizo wiki za mwanzo. Ule ukali wake haukulengi wewe. Usimpekue mifuko. Ukisikia harufu ya moshi, muulize kilitokea nini, bila kumfanyia mashtaka, ili mtafute pamoja mtego ulipokuwa. Msifu kwa siku alizofikisha. Na kama na wewe unavuta, wekeni siku moja.