Ukija Makumbusho, Soma na Kikaratasi

Wageni wengi wanaopanda Museum Hill, hapa Nairobi, kuona Makumbusho ya Taifa huja mbio. Saa moja wamepita kumbi zote, wamepiga picha na sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, kisha wamerudi kupanda matatu. Nakusihi chagua ukumbi mmoja tu. Mimi ningekupeleka kwa ndege.

Simama mbele ya kongoti. Unamfahamu: ndiye yule mkubwa anayejenga viota juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, nawe ukipita chini yake unaharakisha. Hapa mtazame kwa utulivu. Kichwa na shingo karibu vi vitupu, maana huvitumbukiza ndani ya mizoga, na manyoya yangegandamana damu. Mwambie mtoto alinganishe mdomo ule na wa chozi, mwembamba kama sindano, uliopinda ili ufikie utamu ulio ndani ya ua.

Wanaoonyeshwa kwenye vioo ni sehemu tu. Wengine wamelazwa kwenye droo za watafiti, machoni pamba, miguu imefungwa uzi. Kwenye uzi huo kunaning'inia kikaratasi: jina la ndege, mahali alipopatikana, tarehe, aliyemkusanya. Ndege asiye na kikaratasi hicho ni pambo. Akiwa nacho, ni ushahidi.

Chukua mfano mmoja. Kule Uingereza kozi, ndege wawindaji, walikuwa wakipungua, mayai yakivunjika viotani. Mtafiti Derek Ratcliffe alichukua mayai yaliyohifadhiwa tangu zamani, akayapima na kuyalinganisha na ya karibuni. Mwaka 1967 akaonyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba ghafla katika miaka ya 1940, na baadaye ikathibitika kuwa chanzo ni DDT, dawa ya wadudu iliyoenea mashambani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waliokusanya mayai yale ya kale hawakuwa wakitafuta sumu yoyote. Waliandika tarehe na mahali, basi, na kwa ajili ya maandishi yale tatizo likajulikana.

Kwa hiyo njoo na daftari na penseli. Mtoto amchore kongoti hapa ndani, bila haraka. Kisha mkishuka mjini mkamwona aliye hai, aandike kando ya mchoro: siku gani, saa ngapi, mti upi, na alikuwa akifanya nini.