Kabla ya kununua sheva, zitazame kwanza ndevu zako

Juzi aliingia kijana saluni kwangu hapa Kirumba, Mwanza, kidevu kinang'aa kama sahani na shingo imejaa vipele vya ukubwa wa punje za mtama. Mfukoni alikuwa na sheva, ile mashine ya umeme ya kunyolea ndevu, mpya kabisa. Ameinunua mjini kwa sababu muuzaji alimwambia inanyoa mpaka mzizi. Akaiweka mezani.

"Kaka, hii ni feki, si ndiyo? Hebu ifungue uiangalie."

Nikaifungua. Haikuwa feki. Visu vizima, wavu mzima, mota inazunguka vizuri. Ilikuwa inafanya kazi yake barabara, na ndiyo maana shingo ile imekuwa vile.

Nimenyoa watu miaka kumi na minne, na nikichoka kunyoa nakaa na bisibisi kutengeneza mashine za wenzangu. Kwa hiyo naona pande zote mbili: ngozi za watu na matumbo ya mashine. Mtu akiniuliza anunue ipi, simjibu kabla sijamgeuza shingo kwenye mwanga.

Nywele za kipilipili, ambazo ndizo tulizo nazo wengi wetu, zinaanza kujipinda tangu chini ya ngozi. Hata kile kishimo unywele unakoota kimepinda. Sasa, ukivuta ngozi halafu ukaukata unywele chini kabisa, ngozi ikiachiwa kile kisiki kinazama ndani. Ncha yake imechongwa kali kwa kile kisu. Ikianza kuota tena haifuati njia, inatoboa ukuta wa pembeni, na mwili unaipokea kama mwiba: unavimba, unawasha, unatunga usaha. Kuna njia nyingine pia. Unywele unatoka nje salama, unajikunja kama ndoano ya sangara, kisha unarudi kujichoma kwenye ngozi ile ile. Ukivitumbua na kuendelea kunyoa juu yake, ngozi inakuwa nyeusi, na kwa wengine inabaki makovu yaliyotuna.

Kwa hiyo lile swali la kila mtu dukani, "ipi inanyoa chini zaidi?", kwa mwenye ndevu za kipilipili ni kujichongea mwenyewe.

Ukisema "nipe mashine ya ndevu" unaweza kupewa kifaa chochote kati ya vitatu, na havifanani kabisa. Kuna trima, yenye safu mbili za meno zinazopishana kama mkasi. Hiyo haifiki chini ya ngozi hata ukitaka. Inaacha vinyweleo vifupi ambavyo kiganja kinavihisi. Kuna sheva ya wavu, ambayo juu ina bati laini lenye matundu, jembamba kuliko karatasi ya daftari, na visu vinakwenda na kurudi chini yake. Na kuna sheva ya vichwa vya duara, viwili au vitatu, visu vyake vinazunguka.

Hizi sheva zina historia inayoeleza mengi. Mmarekani Jacob Schick ndiye aliyeanza kuuza sheva ya umeme mwaka 1931. Philips ya Uholanzi ikaleta ya kuzunguka mwaka 1939, na Braun ya Ujerumani ikatoa ya wavu mwaka 1950. Wote hao walikuwa wanashughulika na ndevu za watu wa kwao, zinazosimama wima kama nyasi. Sitaki kusema walitukosea. Walijitengenezea wao, nasi tumenunua bila kujipima.

Ushauri wangu basi. Ukishakuwa na vipele, nunua trima na sheva iache dukani. Nyoa ukiacha kama milimita moja, ngozi ipumzike wiki kadhaa, ndipo tuongee tena. Na usidanganywe na namba za vitana, vile vichanio vya plastiki vinavyochomekwa juu ya meno: kwenye mashine nyingi za saluni namba moja ni milimita 3, nusu ni milimita 1.5. Kwa mwenye vipele, trima bila kitana inatosha kabisa, ilimradi asiikandamize. Kama vipele vimeshakuwa na usaha au vimeota kisogoni na kuwa vigumu, hiyo si kazi ya kinyozi tena, nenda kliniki ya ngozi. Nimeshawarudisha watu mlangoni kwa hilo, wengine wakanuna.

Kama huna vipele, nywele zako ni laini, na kazi yako inakutaka uwe safi kila asubuhi, hapo sheva ya wavu ni rafiki. Ile ya duara naipenda zaidi kwa kipara na kwa taya lenye mabonde, kwa kuwa vichwa vyake vinafuata umbo.

Lakini elewa kitu kimoja kuhusu sheva zote: ni za mtu wa kila siku, au siku mbili. Ndevu zinaota karibu milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku. Mtu wa Jumapili hadi Jumapili ana milimita 2 na zaidi usoni, nazo zimeshalala na kujikunja. Haziingii kwenye matundu ya wavu. Anapitisha mara ya kwanza, ya pili, ya tano, anakandamiza, zinavutwa badala ya kukatwa, kisha anasema mashine mbovu. Wewe wa Jumapili anza na trima, ndipo umalizie na sheva.

Kabla ya kulipa, igeuze chaja usome maandishi madogo. Ukiona 100–240V uko salama. Ukiona 120V peke yake, rudisha. Umeme wetu ni volti 230. Hili nililipia ada. Mjomba alinitumia mashine ya saluni kutoka Marekani, nzito, nzuri, nikawaonyesha mtaa mzima. Nikaichomeka kwenye adapta ya pini tatu nikiamini adapta inapunguza umeme. Adapta haipunguzi chochote, inabadilisha pini tu. Iliunguruma kama injini ya boti kwa sekunde chache, ikanuka, ikanyamaza moja kwa moja. Mteja wa kwanza alikuwa bado kavaa kitambaa shingoni.

Hizo mashine za waya zinazounguruma zina siri nyingine ambayo hata vinyozi wengi hawaijui. Nyingi hazina mota ya kuzunguka. Ndani mna sumaku ya umeme inayovuta na kuachia. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sumaku inavuta kwenda na kurudi, hivyo meno yanavutwa mara 100 kwa sekunde. Ya Marekani imepangwa kwa hezi 60, yaani mara 120. Ndiyo maana hata ukiiwekea transfoma ya kushusha volti, bado inaweza kugonga kama bati kwenye upepo au kukosa nguvu. Pembeni kuna skrubu. Izungushe kulia mpaka ipige kelele, kisha irudishe kushoto polepole mpaka kelele iishe. Hapo ndipo ina nguvu zaidi. Nimewahi kuletewa mashine "iliyokufa" nikaifufua kwa bisibisi kwa nusu dakika. Sikumtoza.

Kutumia sasa. Na joto letu hili na unyevu wa ziwa, ngozi ya jasho inanata na sheva inaruka ruka. Nyoa asubuhi kabla ya kuoga, uso ukiwa mkavu, pakaa poda kidogo. Ya wavu ishike wima juu ya ngozi, ya duara ipeleke kwa mizunguko midogo. Usivute ngozi kama una historia ya vipele, na shingoni fuata nywele zinakolala. Kujua zinakolala, kaa siku tatu bila kunyoa uangalie kwenye kioo. Utashangaa, shingoni mara nyingi zinakwenda pembeni au hata juu. Ukihama kutoka wembe, wiki mbili tatu za mwanzo ngozi italalamika kidogo. Vumilia, lakini vipele vikiongezeka siku hadi siku, acha.

Wavu uuangalie kwenye mwanga kila wiki. Tundu lililochanika linakata kama wembe. Watengenezaji wengi wanashauri kuubadilisha pamoja na visu baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na hapa ndipo Mwanza inapotupa shida: sheva zipo tele, nyavu zake hazipo. Mimi kabla ya kununua huuliza wavu wa akiba kwanza. Muuzaji akikosa, naondoka, hata kama bei inachekesha.

Meno ya trima yanataka tone moja la mafuta mepesi kila baada ya kunyoa mara chache. Mafuta ya cherehani yanafaa. Mafuta ya kula hayafai, yanaganda yakashika nywele kama gundi. Na vijana wanaosogeza meno ya juu yalingane na ya chini ili mstari uwe mkali, tafadhali yaacheni nyuma kidogo. Yakitangulia mbele hayachagui unywele na ngozi. Halafu mashine ya usoni isishuke kinenani, wala ya kinenani isipande usoni. Mnanielewa.

Usafi unaanzia kwenye brashi. Ukipaka spiriti juu ya nywele na mafuta umelowesha uchafu tu. Zima mashine, ichomoe, ipige brashi, ndipo upake spiriti, na uiache ikauke yenyewe. Wale wanaowasha kiberiti juu ya meno yenye spiriti wanalegeza chuma, na siku moja watachoma saluni.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu ya wateja wangu wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanahitaji giza ili taa zao zivute samaki, hivyo mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika na wengi wanashuka mjini. Siku hizo saluni inajaa. Wanakuja na ndevu za wiki mbili tatu, ngozi imeungua jua, na ukiwauliza huko visiwani wananyoaje, jibu ni lile lile: kambi nzima ina mashine moja. Mashine moja, videvu ishirini, hakuna spiriti. Mapunye yanapita hapo kirahisi. Na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo huioni kwa macho.

Mmoja wao, mzee wa kisiwa cha Ukara ambaye namwamkia shikamoo kabla hajafika mlangoni, nilimshauri anunue trima yake ya kuchajiwa kwa USB. Inakula volti 5 tu, sola ile ile ya kuchajia simu inaitosha. Akanunua. Mbalamwezi iliyofuata akarudi nayo imezimika.

"Umenidanganya, mwanangu."

Nikaifungua. Imejaa maji. Alikuwa ameisuuza ziwani, na mashine ile ilikuwa na alama ya bomba tu, maana yake kichwa chake kioshwe kwa maji yanayotiririka, mwili usizamishwe. Nikaikausha siku mbili karibu na dirisha, nikabadilisha betri, ikaamka. Nikambandikia plasta juu ya kitako cha chaji na kuandika kwa kalamu: HAIOGI. Mpaka leo anaitumia, na kambini hakuna anayethubutu kumuazima.