Kisu cha springi si marufuku Marekani nzima

Anayetaka kuanza kukusanya visu vya springi, vile ambavyo ukibonyeza kitufe cha mpini ubapa unafyatuka wenyewe, haachi kuambiwa na wajuaji kwamba Marekani vilipigwa marufuku mwaka 1958. Mwaka ni huo kweli. Marufuku ndiyo wameielewa vibaya.

Sheria ile ya serikali kuu inabana hasa biashara: kuviingiza nchini na kuviuza kutoka jimbo moja hadi jingine. Ilimkumbuka hata mtu mwenye mkono mmoja, ambaye anaruhusiwa kubeba chenye ubapa usiozidi inchi 3. Ama kumiliki, hilo kwa kawaida ni la jimbo lako. Texas iliondoa katazo lake mwaka 2013. California hutembei nacho hadharani kama ubapa umefika inchi 2.

Tena vingi vinavyoitwa "vya springi" madukani sivyo. Kishike ukijaribu: kama lazima usukume ubapa kwa kidole gumba, ukahisi unakaza kidogo ndipo springi imalizie, hicho ni cha kusaidiwa tu, na tangu 2009 sheria ile haikihusu.

Uingereza ndiko kwa kuogopa. Kuuza kumekatazwa tangu 1959, na tangu 2021, huko England na Wales, hata kukiweka kabatini nyumbani ni kosa. Kwa hiyo usimpelekee binamu yako wa Birmingham zawadi uliyoinunua Houston.