Kambakoche wa buluu: rangi adimu hutoka wapi?

Tia kamba wabichi kwenye karai lenye mafuta ya moto, kisha usiondoe macho. Wanaingia wakiwa wa kijivu. Kabla hujawageuza upande wa pili, mikia imejikunja na wekundu umeanza kutambaa mgongoni hadi kichwani. Wekundu ule haukuletwa na mafuta wala viungo. Ulikuwamo mwilini mwa kamba tangu baharini, ila ulikuwa umefichwa.

Habari ya kambakoche wa rangi adimu inaanzia hapohapo. Huitwa hivyo kambakoche aliyezaliwa na rangi isiyo ya wenzake: buluu, manjano, nyekundu akiwa bado hai, madoadoa, au nyeupe. Wanaosifika zaidi kwa hilo ni kambakoche wa Marekani, Homarus americanus, wanaotegwa kwenye maji baridi ya Atlantiki, hasa jimbo la Maine, Marekani, na mashariki mwa Kanada. Huyu si kambakoche wa pwani yetu, mwenye vipapasio virefu vya miiba na asiye na magando makubwa. Wa kule ana magando mawili mazito, na rangi yake ya kawaida ni kahawia iliyochanganyika na kijani, inayomficha kati ya mawe na mwani.

Rangi hiyo ya kahawia imeundwa kwa rangi moja tu ya msingi, astaksanthini, ambayo kwa asili ni nyekundu. Kambakoche huipata kwenye chakula, na ni ya jamii ileile ya rangi zinazowapa heroe wa Ziwa Natron wekundu wao. Ikifika kwenye gamba, hukamatwa na protini iitwayo krustasianini, na ikishabanwa humo huonekana buluu. Tabaka jingine la gamba huionyesha kama manjano, na chini yake hubaki nyekundu iliyo huru. Zote zikitazamwa kwa pamoja, jicho linaona kahawia. Moto unapoiharibu ile protini, kama unavyogandisha ute wa yai, astaksanthini inaachiwa na wekundu unajitokeza.

Basi rangi adimu ni hitilafu katika mpango huo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut walieleza kwamba kambakoche wa buluu ana kasoro ya kurithi inayomfanya atengeneze protini hiyo kupita kiasi. Kwa kuwa ni ya kurithi, akijivua gamba, jipya nalo hutoka buluu. Lakini mchemshe, atakuwa mwekundu kama wenzake. Asiyegeuka ni mweupe kabisa: huyo hana rangi ya kuachiwa, hivyo hutoka sufuriani mweupe vilevile.

Chakula nacho kina nafasi yake. Katika New England Aquarium, nyumba ya maonyesho ya viumbe wa majini jijini Boston, Marekani, kambakoche wachanga waliolishwa chakula kisicho na astaksanthini walipauka hadi weupe. Kwa hiyo si kila aliyepauka amezaliwa hivyo.

Anayenishangaza kuliko wote ni yule wa nusu kwa nusu. Mstari unapita katikati ya mgongo, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, upande mmoja kahawia na wa pili chungwa au buluu. Mara nyingi wa namna hii huwa dume upande mmoja na jike upande mwingine.

Utasikia kwamba wa buluu ni mmoja kati ya milioni 2, wa manjano mmoja kati ya milioni 30, mweupe mmoja kati ya milioni 100. Tuzipokee namba hizi kama makadirio, maana ni vigumu kuwahesabu wote. Mwaka 2016 Maine ilivua karibu kilo milioni 60. Tukimkadiria kila mmoja nusu kilo au zaidi kidogo, ni kama kambakoche milioni 100 kwa mwaka mmoja, katika jimbo moja. Na wavuvi wengi hawasimamishi kazi kutangaza walichokuta kwenye mtego.

Tena uadimu wenyewe hutegemea bahari. Kambakoche wa Ulaya, Homarus gammarus, ni wa buluu iliyokolea kwa kawaida yake. Mvuvi wa Bretagne, Ufaransa, akimtoa majini anamtia kapuni na kuendelea na mtego unaofuata.