Seli shina kwa skleroderma na lupusi: maswali kutoka Wete na Mjini

Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana skleroderma. Ngozi imekaza, vidole havikunjiki, sasa hata akipanda ngazi mbili anahema. Tumeletewa kopo la unga wa "seli shina", anywe na maji. Utamfaa?

Marahaba. Hautamfaa. Seli shina ni seli mama zinazozaa seli za damu na za kinga. Ni seli hai, na seli hai haziishi koponi; hata zingeishi, tumbo lingezisaga pamoja na chakula. Pesa hizo wekeni nauli ya boti, apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, apimwe mapafu na moyo.

Kwa hiyo tiba ya kweli ikoje?

Watu wengi hudhani seli ndiyo dawa. Kinachotibu hasa ni tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli. Katika maradhi haya, skleroderma na lupusi, kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe. Mgonjwa huchomwa sindano za kuzitoa seli shina kwenye uboho, ndani ya mifupa, ziingie katika damu, mashine inazichuja, kisha zinagandishwa. Halafu anapewa saiklofosfamaidi nyingi, ndiyo tibakemikali yenyewe, pamoja na dawa nyengine ya kuua seli za kinga, ili kinga ile mbovu ifyekwe. Ndipo anaporudishiwa seli zake kwa dripu, kama mbegu uliyoiweka kabla ya kuchoma shamba. Huko ndiko kupandikizwa. Wiki mbili hivi za mwanzo hana kinga. Homa yoyote ni dharura.

Hatari yake?

Kubwa, na anayekwambia haina hatari anakuuzia kitu. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2014 ulikuwa na wagonjwa 156 wa skleroderma kali. Kati ya 79 waliopangiwa kupandikizwa, 8 walifariki kwa tiba yenyewe mwaka wa kwanza. Lakini miaka ilivyokwenda, kundi hilo liliishi zaidi kuliko wenzao waliopewa saiklofosfamaidi ya kila mwezi bila ya kupandikizwa. Ndiyo maana huchaguliwa mgonjwa ambaye maradhi yanamshinda, ila moyo na mapafu bado vinahimili.

Nina lupusi na sijazaa. Nikipandikizwa nitazaa?

Huenda usizae, dawa hizo hudhuru mayai. Uliza kabla ya kuanza, na mumeo awepo.

Tanzania inafanyika?

Muhimbili walianza kupandikiza uboho 2021, na Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo inafanya, lakini kwa maradhi ya damu kama selimundu na saratani. Wewe wa lupusi huenda usihitaji kufika huko: wengi hutulia kwa vidonge.

Na Ramadhani?

Hydroxychloroquine, kidonge cha lupusi, unaweza kuinywa wakati wa futari. Prednisolone, dawa ya kutuliza kinga, usiikate ghafla hata kama umepata nafuu. Muone daktari wako mwezi wa Shaaban, kabla Ramadhani haijaingia, akupangie dozi, na akwambie kama kufunga kunakufaa.